Mwaitu na Seli za Mafuta

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Leo Mutanu ndiye aliyesoma matangazo kanisani. Mutanu akisoma matangazo, lazima kitu kiharibike. Hataki kuvaa miwani, eti inamzeesha. Anashika karatasi mbali na uso kama mtu anayeogopa kuchomwa nayo. Akasema Jumamosi kutakuwa na mafunzo ya seli na mafuta, mgeni anatoka Kitui, akina mama wote wafike na watoto wao.

Amina ya leo ilitikisa mabati! Kwetu seli ni kikundi cha maombi cha nyumbani — sisi wa mtaa huu ni Seli ya Betheli. Na mafuta ni ya upako, mafuta gani mengine? Kiongozi wetu alisimama palepale akasema kila mtu aje na chupa yake.

Mami, binti yangu, aliimba na watoto. Zipu ya sketi yake imegoma tena. Nimeipanua mara mbili mwaka huu, pindo limeisha. Fundi ni mimi mwenyewe na sina ujanja. Nilimfunga na pini, nikamwambia asiinue mikono sana wakati wa kusifu. Aliinua. Pini ikaruka hadi kwa mpiga kinanda!

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mwaitu amepiga simu kutoka Kathonzweni. Mama yake Musyimi, mume wangu, lakini jina la mama mkwe halitajwi, namwita Mwaitu tu, mama yetu. Na kwa sababu mtoto wangu wa kwanza amepewa jina lake, hata mtoto siwezi kumwita jina. Ndiyo maana ni Mami. Miaka tisa sasa, jina la binti yangu sijawahi kulitoa mdomoni.

Mwaitu huanza na swali lile lile. Mtoto anakula? Anakula, Mwaitu. Anakula vizuri? Vizuri sana. Mbona sauti yake ni nyembamba? Sauti! Sasa hata sauti inatakiwa inone.

Mami amemwambia kuhusu mafuta ya Jumamosi. Basi anakuja. Halafu akataja jambo lingine kama mtu anayeulizia chumvi: shule zikifungwa atamchukua Mami hadi Januari.

Nilisema sawa. Ningesema nini? Lakini nilienda kuikagua tena ile zipu ya sketi. Agosti Mami alienda kule na sketi akarudi amefungwa leso, maana sketi ilikataa. Hiyo ni likizo fupi. Mtaa mzima ukampongeza — amenona, Susu, nyanya yake, anajua kulea! Mimi presha ilinianza hata sijafika miaka thelathini. Nilikuwa mtoto wa kusifiwa hivyo hivyo. Sitaki Mami apite njia hii. Hilo tu ndilo ninalotaka, na sijui nimwambie nani bila kuonekana nimemdharau Mwaitu.

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Hii siku lazima niiandike yote, hata kama mboga itaungua!

Mwaitu alifika jana. Hakuja na chupa. Amekuja na jerikeni ya lita tano, mafuta ya kupikia, muhuri haujavunjwa. Anasema chupa ni ya mtu mmoja, yeye anawakilisha boma zima pamoja na mbuzi. Akamshika Mami, akamfinya paja kama kawaida yake, akacheka.

Asubuhi meza ya mbele kanisani ilikuwa imejaa. Chupa za mafuta ya nazi, chupa za soda zilizotiwa mafuta ya kupimiwa dukani. Pasta amevaa tai. Kwaya imejipanga. Kisha akaingia msichana wa hijabu ya kijani, amebeba mizani na bango lililokunjwa. Anaitwa Nasreen. Afisa wa lishe, mzaliwa wa Mwingi. Akatuangalia sisi. Akaangalia meza. Akatuangalia tena.

Bango likafunguliwa: SELI ZA MAFUTA NA UNENE WA KUPITA KIASI KWA WATOTO.

Mutanu alikuwa mbele yangu. Niliona shingo yake ikizama mabegani. Kumbe karatasi ilikuwa na mstari wa pili. Mtu mmoja akaanza kucheka kule nyuma, halafu nikagundua sisi ndio tuko nyuma na anayecheka ni mimi. Kanisa zima likafuata. Pasta alicheka hadi akalegeza tai.

Nasreen hakukasirika. Alingoja tumalize, akasema, "Pasta, naomba kuazima hizi chupa zenu."

"Azima tu, dada. Hata zote."

Basi akafundisha na chupa zetu wenyewe! Alisema mwilini kuna vyumba vidogo sana, havionekani kwa macho, kazi yao ni kuhifadhi mafuta. Hizo ndizo seli za mafuta. Tuseme ni chupa. Mtu akila kuliko anavyotumia, chupa zinajaa. Zikijaa sana, mwili haumwagi. Unatengeneza chupa nyingine! Kuna seli changa zimekaa zinangoja tu kuambiwa zigeuke. Na wakati mwili unaongeza chupa nyingi zaidi ni utotoni na ujanani. Ukishakuwa mtu mzima, idadi haibadiliki sana. Ikifa moja inazaliwa nyingine mahali pake.

Halafu akachukua chupa ya Mutanu, akamimina mafuta yote kwenye sufuria ya jikoni ya kanisa, akainua ile chupa tupu. Huyu amekonda, akasema. Chupa iko wapi?

Tukajibu iko.

"Ndiyo. Iko. Ukikonda chupa haziendi popote. Zinasinyaa, zinakaa hapo, zinangoja kujazwa. Ndiyo maana unene ni rahisi kuzuia kuliko kuondoa."

Hapo machozi yakanitoka. Mbele ya watu, mtu mzima! Januari nilifunga na kuomba, nikakonda, gauni la bluu likanikaa kama la msichana. Kufika Juni kila kitu kimerudi. Dada mmoja wa seli yetu aliniombea nitokwe na pepo la ulafi, amenishika kichwa kwa mikono miwili. Nami nikaamini! Nimekaa na hilo pepo miezi. Sisemi sina makosa, mandazi ya saa nne tunayajua mimi na anayeyauza. Lakini si pepo. Ni chupa. Nasreen alisema hata mtu mzima akipunguza kidogo tu, moyo na sukari vinapata nafuu, chupa zibaki zisibaki. Nimefurahi, jamani. Nimefurahi sana.

Kisha watoto wakapimwa. Nasreen akaniuliza jina la wangu. Nikafungua mdomo, nikakwama — Mwaitu amesimama nyuma yangu! Mami akajijibia mwenyewe, "Naitwa Ndinda. Mum huwa haniiti." Nasreen alinitazama vibaya kidogo hadi Mutanu akamweleza. Akacheka. Kisha akaniambia polepole kwamba uzito wa Mami umetangulia urefu. Nisimnyime chakula, mtoto hakondeshwi, anangojewa arefuke. Maji badala ya soda. Acheze, alale mapema. Na akisema ameshiba, aaminiwe. Mwaka huu na miaka michache ijayo ndiyo ya kuangalia sana.

Sasa Mwaitu. Wakati wa maswali akasimama, ameshika jerikeni yake.

"Madam, mimi nauliza swali moja. Ile njaa ya Nikw'a Ngwete, hii chupa ilikuwa na kazi?"

Wazee wote wakageuka. Hiyo ni njaa ya themanini na nne. Maana yake nakufa nimeshika, watu walikuwa na pesa mkononi na hakuna chakula cha kununua.

Nasreen hakudanganya. Akasema, "Ilikuwa nayo, Mama. Mwenye akiba kidogo mwilini alivumilia siku zaidi. Mungu aliziweka kwa kazi hiyo."

"Asante. Nimesikia." Akaketi.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia yule msichana anajua kazi yake, ameeleza vizuri. Basi Mami apewe chupa nyingi mapema, kabla mvua haijakataa.

Asi! Kanisa zima hakuna aliyeelewa somo kama Mwaitu. Na ameligeuza kichwa chini miguu juu!

(Pasta aliyaombea mafuta mwishoni. Alisema mafuta ni mafuta. Jerikeni imebarikiwa.)

Jumapili, 13 Oktoba 2024

Mwaitu amerudi kwake na jerikeni. Kanisani leo salamu ni moja tu: dada, chupa zinaendeleaje? Nami najibu, zimejaa neema. Mutanu amevaa miwani! Dada wa pepo la ulafi alinipita haraka mlangoni. Nilimwita, nikamkumbatia kwa nguvu hadi akaguna. Basi, tumemalizana.

Jumatano, 16 Oktoba 2024

Kazi nyingi. Sare za watu wa kwaya. Mami anakunywa maji na uso wa mtu anayekunywa dawa.

Jumapili, 20 Oktoba 2024

Musyimi amekuja kutoka Kitui, kesho anarudi kazini. Nilimpikia muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, nikangoja ashibe, nikamweleza yote — chupa, likizo, mama yake. Alisikiliza vizuri. Akakubaliana nami kila neno. Nikamwambia basi umwambie Mwaitu. Ghafla akakumbuka kuna kuku hajafungiwa.

Hatuna kuku.

Alirudi akasema mimi ndiye ninayeelewana naye. Eti yeye akianza kusema chakula, mama yake humtazama tu, na hawezi ule mtazamo tangu utotoni. Nilikasirika, halafu nikamwonea huruma, halafu nikakasirika tena. Mume wangu ni mtu mzuri, lakini kwa mama yake ni uji.

Jioni wakacheza kati na Mami pale uwanjani, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpira wa karatasi. Musyimi alihema kama injini ya posho mill ikisaga mahindi. Mami alicheka hadi akakaa chini. Nilitoka na cherehani yangu nikashonea nje ili niwaangalie.

Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Mami leo aliacha nusu chapati. Nikataka kusema maliza! Neno lilifika kwenye meno. Nimelelewa na hilo neno. Maliza, kuna watoto hawana. Nikalimeza. Nikala ile nusu mimi, ndiyo, najua.

Jumamosi, 26 Oktoba 2024

Mawingu upande wa Mbooni. Watu wanapanda kwenye vumbi, wanangoja. Mteja kutoka Kikima ameniletea parachichi, kubwa ajabu. Nilimuuliza Mutanu kama parachichi nalo linajaza chupa. Akasema yeye sasa hatangazi kitu chochote.

Nimefanya mazoezi ya kuzungumza na Mwaitu mbele ya kioo cha wateja. Kwa kioo naongea vizuri sana.

Alhamisi, 31 Oktoba 2024

Mwaitu yuko hapa. Kesho shule zinafungwa, Jumamosi anaondoka na Mami.

Alikuja na kitambaa cha muungano wa akina mama, zambarau na kola nyeupe, anataka gauni. Nikamwambia nitatumia gauni lake la zamani kama kipimo. Heshima — mke wa mtoto hamzungushii mama mkwe mikono kiunoni. Akasema la zamani linampwaya, nimpime tu, mimi ni fundi au ni nani?

Basi nikampima. Ndani ya zile sweta mbili na leso, Mwaitu hayupo! Tepu ilizunguka kiuno na mkia mrefu ukabaki mkononi mwangu. Mbavu nilizigusa moja moja. Na ndipo nikajiuliza, miaka yote hii, nimewahi kumwona Mwaitu ameketi na sahani? Hapana. Anapakua, anasimama, anaangalia vinywa vya watu. Ukimuuliza anasema ameonja jikoni.

Nikamuuliza mbona amekonda hivi. Akasema hakukonda, ndivyo alivyo tangu ile njaa. Kisha akaongea bila kuniangalia, mikono yake imeinuliwa kama nilivyomweka. Musyimi alikuwa mtoto wa kubebwa. Walikuwa wameuza ng'ombe. Alitembea na pesa kwenye kitambaa hadi Wote, duka kwa duka, hakuna unga. Akarudi na pesa zile zile. Kila asubuhi alikuwa akimfinya mtoto paja kabla hajafungua macho, aone kama bado kuna kitu.

Na mimi nilidhani anamfinya Mami kwa mchezo.

Nililia, sikujificha. Halafu nikasema. Sikusema kama kwenye kioo. Nilisema, "Mwaitu, wewe unaogopa njaa. Mimi naogopa presha. Sote tunamwogopea huyu mtoto mmoja."

Mtu alipita nje akipiga mluzi.

Nikamwambia yale ya Nasreen, kwamba akiba Mami anayo ya kutosha, kwamba chupa nyingine zikishaongezwa hazitoki tena. Kwamba namwomba kitu kimoja tu: Mami akisema ameshiba, aaminiwe.

Mwaitu akashusha mikono. "Mtoto hajui kushiba," akasema. "Kushiba ni mtu mkubwa anamjulia."

Akaniambia nifunge tepu, nimkatie gauni refu, asionekane vifundo vya miguu.

Ijumaa, 1 Novemba 2024

Shule imefungwa. Mami anaingia gredi ya tano mwakani, ameandikiwa anasaidia wenzake na anaongea sana. Hiyo ya pili ni yangu.

Mwaitu hajataja mazungumzo ya jana. Wala mimi. Amepika siku nzima. Nyumba inanukia vizuri, siwezi kukataa. Nimekata gauni. Nimemwacha Mami afungashe mwenyewe, ameweka vitabu viwili na chupi moja!

Musyimi alipiga simu. Nimemwambia nimesema. Akauliza, na yeye akasema nini? Nikamwambia bado sijui. Akasema nimemzidi ujasiri. Hilo nalijua.

Ajabu ni kwamba sina uchungu. Nimelala vizuri. Maneno nimeshamwachia, sasa ni yake. Nikimkataza Mami kwenda nitavunja kitu ambacho hakuna fundi wa kukishona. Ningemwachia bila neno ningemvunja Mami. Hii ya katikati ndiyo niliyo nayo.

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Imenyesha! Kidogo, lakini imenyesha, na Mwaitu alitoka akasimama nje bila kitambaa kichwani.

Musyimi yuko njiani kutoka Kitui, atawapeleka Kathonzweni. Mkoba wa Mami uko mlangoni. Naandika hapa kwenye meza ya cherehani, nimebakiza pindo la gauni. Ukuta kati yangu na jikoni ni mbao tu, kila kitu nasikia.

Ni chapati na ndengu. Mwaitu amempakulia Mami. Nasikia anamwambia safari ni ndefu, ale. Safari ya Kathonzweni, hapo tu! Mami anakula na kusimulia kuhusu mwalimu wake aliyeanguka kwenye kiti.

Amepakuliwa tena. Nimeacha kuzungusha gurudumu.

Sasa Mami anasema, "Susu, nimeshiba."

Mwaitu anamwambia bado.

"Nimeshiba kweli, Susu. Tumbo limeniambia."

Mikono yangu imebana hiki kitambaa hadi kimekunjamana, itabidi nikipige pasi tena. Nisiingie. Nisiingie! Nimeomba aaminiwe, sikuomba nisimamie mlangoni kama askari.

Mami tena, mdomo wake hauna breki: "Na wewe hujakula. Mum anasema wewe huwa hukai. Kaa hapa. Kula hii yangu."

Ee Mungu, huyu mtoto. Nilimwambia Mutanu kwa simu, kumbe Mami alikuwa amesimama nyuma yangu.

Mlango wa jikoni umefunguka. Miguu mbio. Namwona Mami kwa dirisha, ameenda kwenye matope, anaruka madimbwi, viatu mkononi.

Jikoni Mwaitu amebaki peke yake. Kiti kimevutwa. Kile cha Musyimi, kinalia kwenye sakafu, nakijua.

Kijiko kinagonga sahani. Mami bado yuko nje. Kinagonga tena, polepole, na —